Nahodha Aliyerudisha Matrekta Baharini

Jumanne iliyopita nilimzika jirani yangu wa zamani pale Temeke, nikarudi nyumbani na hasira badala ya huzuni. Bintiye ndiye aliyenipigia simu asubuhi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Shikamoo baba. Mzee katutoka. Aliagiza likitokea lolote wewe usikose kuambiwa." Sikushtuka, maana alikuwa amevuka themanini na kifua kilimsumbua tangu mfungo uliopita. Nilivaa kanzu nikaenda, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Kilichoniharibia siku ni bwana mmoja mwenye miwani ya jua, aliyetumwa na ofisi iliyorithi kazi za shirika letu la bandarini la wakati ule. Kabla ya dua alitoa karatasi mfukoni akasoma kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi mtiifu, aliyetekeleza kila agizo la viongozi wake bila kusita wala kuuliza. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikauma meno. Kwa umri wangu huu nimehudhuria maziko mengi, lakini sijapata kusikia maiti akitukanwa kwa maneno matamu namna ile.

Niwaambie alikuwa nani, kwa kuwa karatasi ile haikumjua. Alikuwa nahodha wa tagi, ile boti fupi yenye injini kubwa inayovuta na kusukuma matishari, vile vyombo bapa visivyo na injini vinavyobeba shehena kutoka meli iliyotia nanga nje mpaka gatini. Alizaliwa huko Lindi, akaja Dar es Salaam kijana enzi za ukoloni, akaanza kwa kupokea kamba, kisha akawa serahangi, mkubwa wa mabaharia. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyeshika usukani huku nahodha wa kigeni akisoma gazeti nyuma yake, na jioni aliyetia sahihi kwenye kitabu cha chombo ni yule msoma gazeti. Uhuru ulipokuja na wageni wakafungasha, tagi akakabidhiwa yeye. Mkewe alinisimulia kwamba siku hiyo aliondoka nyumbani na viatu vipya, lakini alipopanda tu akavivua, kwa kuwa alikuwa amezoea kuisikia injini kwa nyayo. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwenye chumba nilichopanga mimi. Nami nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo la shirika, kijana mwenye kamera ya ofisi begani na majivuno yasiyokuwa na sababu.

Mara moja tu nilipanda tagi yake. Nilimwomba anichukue ili niandike makala kuhusu kazi za majini, akakubali kwa sharti moja. "Mwandishi, utakaa hapa nyuma yangu," akasema. "Nikikuona karibu na kamba, nakuteremsha ukaogelee." Tulitoka na tishari limefungwa ubavuni mwa tagi, likiwa na marundo ya magunia. Njiani nikamuuliza ugumu wa kazi uko wapi, maana kwa macho yangu ilionekana kama kuendesha lori pana. Alicheka. "Lori ukikanyaga breki linasimama," akasema. "Hili hata nikizima injini, tishari linaendelea na safari yake kama halijasikia. Ndiyo maana gati unaliendea kama unavyomwendea mgonjwa aliyelala. Taratibu, na kabla hujaingia ujue utatokea wapi." Nikamuuliza habari za upepo. Hapo akaacha kucheka.

"Upepo ukikusukumia gatini, hiyo nafuu," akasema. "Unasimama mbali kidogo, unauacha ukulete wenyewe, kazi yako ni kuuzuia usikulete kwa kishindo. Mbaya ni ule unaokufukuza, unaotoka nchi kavu kwenda majini. Hapo unaingia pua kwanza, kamba ya mbele inawahi nguzo ya gati, halafu unasukuma injini polepole mpaka mkia nao uje. Kwa muda huo wote kamba ile moja ndiyo imebeba tishari, shehena na upepo. Upepo ukipita kipimo, inakatika. Na kamba ya tagi ikikatika haianguki chini, mdogo wangu. Inaruka. Inapita kama panga." Alinionyesha kwa kiganja, usawa wa kifua chake. Alikuwa amemwona mtu akikatwa hivyo zamani, alipokuwa mpokea kamba, na hakutaka kusema zaidi. Akamalizia kwa kuniambia kwamba nahodha akiona mambo hayaendi hurudi, na kurudi si aibu, kwa kuwa bahari ni pana na gati ni jembamba. Niliyaandika yote kwenye daftari. Makala ilipotoka ilisifiwa, nami nikayasahau.

Gati la matishari lilielekea kaskazini, kwa hiyo upepo wa kusi, unaotoka kusini, ulilivuka kutoka nchi kavu kwenda majini, yaani upepo ule ule wa kufukuza. Enzi za wakoloni palikuwa na tangazo ukutani mwa ofisi ya gati, lililosema kwamba bendera ya upepo ikinyooka, hakuna tishari kuletwa pale mpaka ilegee. Tulipopaka rangi ofisi baada ya Uhuru, tangazo lile liling'olewa pamoja na picha za watu wao na kalenda zao. Hakuna aliyelirudisha. Nahodha wetu alilikumbuka kichwani na akaendelea kulifuata, na kwa miaka hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna mkubwa aliyekuwa na haraka.

Haraka ilikuja mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tukipanga foleni ya unga wa njano. Nchi moja rafiki ilitupa matrekta kumi na mawili ya kwenda vijiji vya ujamaa. Magati makubwa yalijaa meli za mahindi, hivyo matrekta yakateremshwa nje kwenye tishari, na sherehe ya kuyapokea ikapangwa pale gati dogo, saa nane mchana. Mgeni rasmi alialikwa. Jukwaa likajengwa, kikundi cha ngoma kikaja, na mkubwa wetu wa shirika akanunua kipaza sauti cha mkononi. Mimi nilipewa kazi ya picha. Waliletwa wanafunzi kama arobaini wa shule moja ya msingi ya Temeke, wamevaa sare zilizopigwa pasi, kila mmoja na kibendera cha karatasi, na mwalimu wao akaniuliza awapange wapi. Nikamwambia aniachie. Niliwapanga mwenyewe, kwa mikono yangu, wafupi mbele na warefu nyuma, karibu kabisa na nguzo mbili za chuma za kufungia kamba, ili kwenye picha waonekane wao, maji na matrekta kwa pamoja. Nilikuwa nimekwishaambiwa habari za kamba. Picha ilinisahaulisha.

Ilipofika saa nane kusi ilikuwa imechachamaa. Maturubai ya jukwaa yalipiga kelele, kofia ya mpiga ngoma mmoja ikaenda majini, na vibendera vya watoto vikachanika vikabaki vijiti. Tagi ikatokea na tishari ubavuni, matrekta mekundu yamefungwa minyororo. Nahodha aliingia pua kwanza kama alivyonieleza. Mara ya kwanza kamba ilirushwa, upepo ukaipeleka kando, ikaangukia majini. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Tagi ikarudi nyuma, ikazunguka. Mkubwa akainua kipaza sauti. "Ndugu nahodha! Mgeni anasubiri! Leta chombo!" Mara ya pili kamba ilifika. Mpokea kamba, mtu mmoja mrefu wa Tandika, akaidaka na kuivika kwenye nguzo, akaruka pembeni upesi kama wanavyofanya wanaoijua. Kamba ikatoka majini, ikanyooka, ikawa inachuruzika maji. Halafu ikaanza kulia. Ni mlio mwembamba, kama wa mlango wenye kutu, na nilikuwa nausikia huku jicho langu liko kwenye kamera, nikingoja tishari lisogee lijae vizuri kwenye picha.

Nilimwona kwenye kamera akichomoza nusu ya mwili dirishani mwa chumba cha usukani. Hakumtazama mgeni rasmi wala mkubwa wetu. Aliwatazama watoto. Kisha akampigia kelele serahangi wake aliyekuwa juu ya tishari, sauti ikashinda hata upepo: "Achia! Achia kamba! Achia!" Serahangi akaachia. Kamba ikaanguka majini kama nyoka aliyekufa, tagi ikarudi kinyumenyume, ikageuka, ikaondoka na matrekta yote kumi na mawili kuelekea nje. Ngoma ikanyamaza. Mkubwa alibaki na kipaza sauti mdomoni. Kabinti kamoja ka mstari wa mbele kakanivuta shati kakaniuliza, "Mwalimu, mbona matrekta yanarudi Ulaya?" Mgeni rasmi alihutubia akiwa jukwaani bila trekta hata moja mbele yake, akaingia kwenye gari, akaondoka.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitumwa kwenda kuangalia matrekta yako wapi. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Nilimkuta analeta tishari gatini, polepole mno, mpaka nikadhani limesimama, na likagusa gati bila hata matairi ya kinga kukwaruza. Hakuna trekta lililopata mkwaruzo. Aliteremka akanawa mikono kwenye ndoo akanisalimu. "Umeona, mwandishi? Ni suala la kungoja chai ipoe." Alikuwa amechoka, amefurahi, na wala hakujua kilichokuwa kikimsubiri. Pale gatini tulikuwa watu watatu tu, mimi, mlinzi na yule mpokea kamba wa Tandika. Sikupiga picha. Nilikuwa nimeambiwa niangalie tu.

Siku ya tatu tuliitwa mkutano kwenye ukumbi wa kantini. Shitaka lilikuwa kumdharau mgeni wa taifa na kukaidi agizo. Nahodha alisimama mbele, mikono nyuma, amevaa vile viatu vyake. Mkubwa akamuuliza, "Ndugu, siku ile nani aliumia?"

"Hakuna aliyeumia."

"Kamba ilikatika?"

"Haikukatika."

"Sasa hiyo hatari unayotuambia ilikuwa wapi?"

Alifikiri kidogo. "Ingekatika ndipo mngeiona," akasema. "Na mie mngekuwa mnaniuliza swali jingine. Walikuwepo watoto mbele ya kamba. Sijui nani aliwapanga pale, lakini kamba ile ilikuwa imeshaanza kulia, na ingepita kwa wale wa mbele, vichwani."

Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Nilisubiri mtu aulize nani aliwapanga. Hakuna aliyeuliza, nami sikusimama. Mkubwa akasema hayo ya kungoja bendera ilegee ni kanuni za mkoloni, zilizowekwa ili kumchelewesha Mwafrika, na mtu anayezishika mpaka leo bado ana kasumba. Nahodha akamjibu kwa adabu, sauti haikupanda hata kidogo: "Ndugu mwenyekiti, upepo haukutawaliwa, wala haukupata uhuru." Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia upesi. Mkubwa akasubiri ukumbi utulie, kisha akasema kwa kujiamini, "Wazee wetu walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Makofi yakapigwa. Ikasomwa hukumu, kwamba aondolewe kwenye tagi apelekwe stoo, na tukaambiwa wanaokubali wanyooshe mikono. Serahangi wake alinyoosha. Mpokea kamba wa Tandika alinyoosha, akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilinyoosha. Nisiwadanganye wasomaji wangu kwamba nilitishwa, maana hakuna aliyenitazama wala kunisukuma. Niliinua mkono wangu kwa urahisi kama mtu anayefukuza nzi, na wiki ile nikaandika ukurasa wa kwanza kwamba nahodha ameliaibisha shirika.

Stoo yenyewe ilikuwa Chang'ombe. Mtu aliyejua kuleta tishari gatini bila kukwaruza tairi, akawa anagawa sabuni, mifagio na ovaroli mpaka alipostaafu. Kila asubuhi alipita mbele ya chumba changu na baiskeli, na kila asubuhi alinisalimu kwa sauti ile ile, "Mwandishi, hujambo?" Ningefurahi kama angenitukana. Nilianza kutoka mapema ili nisikutane naye.

Tagi alipewa serahangi. Alikuwa hodari, amefundishwa na nahodha wetu mwenyewe. Haikupita miaka miwili, msimu wa kusi ukiwa umepamba moto, akaambiwa alete tishari tupu gati dogo mchana ule ule kwa sababu malori yanasubiri. Tishari tupu ni baya zaidi, kwa kuwa linaelea juu na ubavu wake wote unakuwa tanga. Kamba ilivikwa kwenye nguzo, ikanyooka, ikalia, na safari hii hakuna aliyesema achia. Ilikatika. Ilimkuta yule mpokea kamba wa Tandika akiwa hatua moja tu kutoka mahali pa usalama. Nilipofika walikuwa wamemfunika kwa turubai. Serahangi, ambaye sasa ndiye nahodha, alikuwa amekaa chini, mgongo ameegemeza kwenye tairi.

"Niliona kabisa haiwezekani," akaniambia. "Niliona tangu tuko mbali."

"Sasa kwa nini hukurudi?"

Akaniinulia macho. Sijayasahau macho yale. "Unaniuliza wewe? Si ulikuwepo kantini? Si ulinyoosha mkono, na mie nikanyoosha? Nina watoto sita. Mlichonifundisha siku ile ndicho nilichokifanya leo."

Gazetini niliandika kwamba ni bahati mbaya iliyotokea kazini. Mkubwa alizungumza msibani Tandika, akasema kazi ya Mungu haina makosa, na mjane alimshukuru kwa kuja. Wasomaji, ndipo hasira yangu ilipozaliwa, lakini niliifungia kifuani ikakaa huko miaka yote hii. Mtu aliyezuia kifo alihukumiwa mbele ya ukumbi mzima. Kifo chenyewe kilipokuja kilisingiziwa Mungu, na hakuna aliyeitwa kantini kujieleza. Ajali isiyotokea haina maiti, haina turubai, haina mjane wa kushikwa mkono, kwa hiyo aliyeizuia hana shahidi. Mashahidi pekee walikuwa watoto arobaini waliorudi nyumbani kula ugali wa unga wa njano, wakakua, wakaoa na kuolewa, na hawajui mpaka leo. Na shahidi mwingine nilikuwa mimi.

Baada ya arobaini ya marehemu wa Tandika, Jumamosi moja mchana, nahodha alikuja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa barazani, akakataa chai. "Nimekuja na ombi," akasema. "Usiniandike mie. Mie nimeshazoea sabuni. Andika upepo. Andika kwamba pale gati dogo, bendera ikinyooka, tishari lisisogezwe, hata aje nani. Andika kwa Kiswahili, wakubandikie ukutani, ili huyu kijana wangu aliyeshika tagi akiambiwa alete awe na kitu cha kuonyesha kwa kidole." Nikamwambia, "Nitaona, kaka." Akasimama, akapanda baiskeli. "Ukiona, fanya upesi," akasema. "Msimu mwingine wa kusi hauko mbali."

Niliandika. Ukurasa mmoja tu, safi, mchana ule ule. Jumatatu niliupeleka kazini ukiwa umekunjwa mfukoni mwa shati, na mlangoni nikakutana na mkubwa, ambaye alinishika bega akanipa habari njema kwamba jina langu limependekezwa kwenda ng'ambo kusomea uandishi. Nikamshukuru. Ukurasa haukutoka mfukoni. Nilikwenda ng'ambo, nikasoma, nikarudi na cheti, nikaajiriwa gazeti kubwa, na mwishowe nikapewa safu hii ambayo nyie mnanifanyia hisani ya kuisoma. Mmewahi kuniandikia barua mkinisifu kwa ushujaa wa kalamu. Leo mnajua ushujaa huo ulianzia mlango gani.

Najua watakaosema, hayo ni mambo ya Ujamaa, yalikwisha na wakati wake. Wasinichekeshe. Sioni haya kwamba tulitaka matrekta yafike vijijini, na nahodha mwenyewe aliyataka kuliko mkubwa, ndiyo maana alikaa nayo majini mpaka asubuhi asiyaache. Ugonjwa ni wa aliye nchi kavu kumwamuru aliye majini bila kumuuliza anaona nini, na ugonjwa huo haukustaafu. Nimeuona kwa fundi aliyesema zege halijakauka, akaambiwa ufunguzi ni Ijumaa. Nimeuona kwa dereva wa lori aliyesema breki haishiki, akaambiwa mzigo unaoza. Nimeuona kwa muuguzi mmoja mtaani kwetu aliyesema mgonjwa asisafirishwe leo, akaitwa mjuaji. Kila mmoja wao akiwa na bahati anapewa stoo yake ya sabuni. Asipokuwa na bahati anatii, na tunamzika mtu mwingine. Halafu kizazi kinachofuata kinatumwa makaburini na karatasi iliyokwisha kuchapwa tayari, pengo limeachwa la kujaza jina, kusifu kilekile kilichotuua.

Tulipomaliza kuzika, mkewe aliniita ndani. Bibi yule ameisha mwili lakini macho yake ni makali bado. "Shemeji," akaniambia, "alikuwa hakosi gazeti lako. Macho yalipofifia akawa anasomewa na mjukuu. Likiisha anauliza, ni hayo tu? Mjukuu anasema ni hayo tu babu. Naye anasema, haya, bado. Kila wiki hivyo. Nikimuuliza bado nini, anageukia ukutani." Nilimshika mikono yote miwili, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka watu wakaanza kunitazama.

Basi nimeuandika upepo wako, kaka, na nimechelewa mno, kwa kuwa gati lile dogo limekwisha kumezwa na ujenzi mpya na hakuna ukuta wa kubandika chochote. Ila wakubwa bado wapo, na kumbi za kunyoosha mikono bado zipo. Kwa mkubwa nina neno moja. Anayeijua kazi akikuambia leo haiwezekani, usimuulize nani ameumia. Panda ukasimame pale aliposimama yeye, tazama anachokitazama, ndipo uamuru, na ukiamuru ubaki pale pale juu ya chombo mpaka kifungwe. Kwa nyie mnaokaa mstari wa tatu, kama nilivyokaa mimi, mkingoja mtu mwingine aulize, neno langu ni chungu zaidi. Siku mtakaposimama mkasema hapana, itawagharimu, nisiwafiche. Mkinyamaza atalipa mwenzenu, na yeye hatakuwa ameulizwa.